Shajara ya mradi: majani ya mpera, unga wa mzuzu na vidonda vya tumbo

Februari 10

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, na leo naianza rasmi shajara hii, ingawa mazungumzo na waganga wa vijijini yalianza tangu mwaka jana. Swali la mradi ni moja: je, majani ya mpera, ambao kitaalamu huitwa Psidium guajava, na unga wa ndizi mbichi za aina ya mzuzu, ambavyo watu wa Muheza mkoani Tanga huvitumia kutuliza vidonda vya tumbo, vinaweza kuukinga utando wa ndani wa tumbo la panya dhidi ya majeraha tunayoyasababisha kwa makusudi maabarani?

Nasisitiza neno "kuukinga" kwa sababu mradi huu hauchunguzi uponyaji wa vidonda ambavyo vimekwisha kutokea, wala haumgusi bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walimtambulisha katika miaka ya 1980 kuwa chanzo kikubwa cha ugonjwa huu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Majeraha ya panya wetu yatatokana na ethanoli, si bakteria. Atakayesoma matokeo yetu akadhani tumepata mbadala wa dawa za kuua bakteria hao atakuwa amepotoka, na huenda kosa likawa la mwandishi kuliko la msomaji.

Mpango ni kutumia panya weupe wa aina ya Wistar wenye uzito wa kati ya gramu 180 na 220, katika makundi ya panya sita sita. Panya hukaa na njaa kwa saa 24, maji wakiwa nayo, katika vizimba vyenye sakafu ya wavu, kwa maana panya mwenye njaa aliyewekwa juu ya maranda hula maranda hayo pamoja na kinyesi chake mwenyewe, na tumbo lenye kitu ndani halijeruhiwi sawasawa na tumbo tupu. Baada ya hapo kila kundi hupewa kitu chake kwa sindano ya kulishia yenye ncha ya duara. Nusu saa baadaye kila panya hupewa ethanoli safi, mililita moja kwa panya wa gramu 200. Na saa moja baada ya ethanoli panya huuawa kwa kuzidishiwa dawa ya usingizi ili tumbo litolewe na kupimwa. Njia hii ya ethanoli ni ya zamani na inafahamika vizuri: André Robert na wenzake waliitumia mwaka 1979 kuonyesha kwamba prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, huweza kuulinda utando wa tumbo hata pale ambapo asidi haikupunguzwa.

Februari 17

Nimerudi jana usiku kutoka Muheza nikiwa na magunia mawili ya majani na mikungu mitatu ya mzuzu. Mzee anayetuelekeza, ambaye aliomba jina lake lisiandikwe popote hadi makubaliano ya maandishi yatakapokamilika, alitupeleka kwenye mipera mitano iliyo nyuma ya nyumba yake na kutuchagulia mwenyewe majani ya kuchuma. Hachumi majani machanga ya juu wala yaliyozeeka na kuwa na madoa ya kutu. Huchuma yale ya katikati ya tawi, na huyachuma asubuhi umande ukiwa umekauka. Tumekausha matawi matatu yenye maua baina ya magazeti kwa ajili ya herbariamu, kwa sababu bila sampuli ya kumbukumbu hakuna mtafiti mwingine atakayeweza kuhakikisha kwamba mmea tuliouchunguza ndio tunaoutaja.

Jambo moja hunichekesha kila ninapoandika maneno "tiba asili" kwenye fomu. Mpera si mti wa asili ya Afrika. Umetoka Amerika ya kitropiki, kama ambavyo mwarobaini umetoka upande wa Bara Hindi. Mzee hakushtuka nilipomwambia hayo. Alijibu kwamba hata babu yake alikuta mipera hapo, na kwamba mti ukishakuponyea mtoto huulizi ulikotoka.

Maelezo yake ya matayarisho nimeyanakili kama alivyoyatoa. Majani ya kujaza viganja viwili huchemshwa katika maji ya sufuria ndogo hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kisha huachwa yapoe yakiwa yamefunikwa, na mgonjwa hunywa kikombe kimoja asubuhi kabla ya kula kitu chochote. Nilipomweleza kwamba sisi tutaloweka majani katika ethanoli ya asilimia 80 kwa siku tatu, kwa sababu ethanoli huvuta kemikali nyingi zaidi kuliko maji, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nachemsha. Ninyi mnaitia pombe dawa yangu, halafu mnawapa panya pombe ili muone kama dawa inazuia pombe?" Wanafunzi walicheka na mimi nikacheka pamoja nao. Nimeiandika kauli hii hapa kwa sababu ilikuwa nzuri, si kwa sababu niliona kuwa ina uzito wowote katika jaribio.

Februari 20

Hasara ya kwanza. Mikungu miwili kati ya mitatu imeanza kuiva, bila shaka kutokana na joto la buti la basi na siku tatu za kukaa stoo. Mzuzu ulioiva haufai kwa kazi yetu, maana ndizi inapoiva wanga wake hugeuka sukari, na kazi ya Best, Lewis na Nasser iliyochapishwa katika jarida la British Journal of Pharmacology mwaka 1984, ambayo ndiyo iliyotupa ujasiri wa kuiingiza ndizi katika mradi huu, ilihusu ndizi za kupika zikiwa mbichi. Watafiti hao walionyesha kwamba unga wake mkavu uliwakinga panya dhidi ya vidonda vya aspirini. Na mwaka 1999 kundi la Lewis huko Uingereza likataja leukosianidini kuwa mojawapo ya kemikali zinazohusika. Tumemenya mkungu uliobaki, tumeukata vipande vyembamba kama vya kukaangia krispi na kuvikausha katika tanuri la nyuzi 40 za Selsiasi. Ndizi zilizoiva zimeliwa na walinzi, ambao wameniomba nisafiri tena.

Machi 5

Majani yamekauka kivulini kwa siku tisa na kusagwa. Nimeloweka gramu 500 za unga wa majani katika lita tano za ethanoli ya asilimia 80, nikitikisa chupa asubuhi na jioni kwa saa 72, kisha nimechuja kwa pamba na baadaye kwa karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1. Maji yaliyochujwa yana rangi ya kijani iliyokolea hadi kukaribia weusi, na harufu yake inafanana na ya majani ya chai yaliyosahaulika kwenye birika.

Kazi ya kuondoa ethanoli katika mashine ya kuvukizia ilikwenda vizuri hadi saa tisa alasiri, umeme ulipokatika. Jenereta ya jengo letu inahudumia majokofu tu, na mashine ya kuvukizia haimo katika orodha yake. Nimeshaandika barua mbili kuhusu jambo hilo na sitaandika ya tatu. Umeme uliporudi kesho yake tuliendelea, lakini kilichopatikana hakikuwa unga mkavu tuliotarajia bali uji mzito unaonata kama ulimbo, ambao tuliuacha katika tanuri la nyuzi 40 kwa siku nne zaidi. Kuanzia hapa nitauita kiziduo cha ethanoli, ili usije ukachanganywa na kiziduo cha maji tutakachokitengeneza baadaye.

Machi 24

Jaribio la usalama limekwisha leo. Tumefuata mwongozo namba 423 wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ambao hutumia majike watatu katika kila hatua badala ya makundi makubwa yaliyokuwa yakiuawa zamani kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama. Kwa dozi ya miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito, waliopewa kiziduo cha mpera na waliopewa unga wa mzuzu wameishi siku zote 14 wakila na kuongezeka uzito. Waliopewa kiziduo cha mpera walipata choo kigumu kwa siku mbili za mwanzo, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote wa pwani aliyewahi kuchemshiwa majani ya mpera na bibi yake kwa sababu ya kuhara. Hatua ya pili, ambayo hurudia dozi ileile kwa panya watatu wengine, ilikuwa imeanza wiki moja nyuma ya ya kwanza na itafungwa Machi 31.

Aprili 2

Hatua ya pili ya usalama ilifungwa salama juzi, na leo tumefanya jaribio la kwanza la kinga. Panya walikuwa 30 katika makundi matano: waliopewa maji, waliopewa omeprazoli ya miligramu 20 kwa kilo kama dawa ya kulinganishia, na makundi matatu ya kiziduo cha ethanoli cha mpera kwa dozi za miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo.

Kwa faida ya wanafunzi watakaorithi daftari hili, naeleza jinsi tumbo linavyosomwa. Tumbo la panya hupasuliwa kwa mkasi kufuata mkunjo wake mkubwa, likaoshwa taratibu kwa maji ya chumvi na kutandazwa juu ya kipande cha kizibo kwa pini. Utaona sehemu mbili zilizotenganishwa na ukingo mwembamba kama mshono: sehemu ya mbele ni nyeupe, nyembamba, haina tezi, na haihesabiwi, sehemu ya nyuma yenye tezi ni ya waridi na ina mikunjo, na hapo ndipo ethanoli huacha alama zake. Katika panya wa kwanza wa kundi la maji alama hizo zilikuwa mistari mirefu, myekundu iliyoiva, mingine imeshakuwa myeusi kwa damu iliyoungua, ikifuata migongo ya mikunjo kutoka juu hadi karibu na mlango wa chini wa tumbo. Huwekwa juu yake karatasi angavu yenye miraba ya milimita, na kila mraba ulioguswa na jeraha huhesabiwa.

Panya wa kundi la omeprazoli walikuwa na mistari pungufu kidogo kuliko wale wa maji, kama inavyotarajiwa, kwa kuwa omeprazoli huzuia asidi ilhali ethanoli huchoma utando bila kuisubiri asidi. Kisha tukafungua matumbo ya makundi ya mpera, na chumba kikawa kimya. Utando ulikuwa safi. Hapa na pale palikuwa na wekundu uliotapakaa au nukta moja mbili, lakini mistari ile mirefu haikuwepo, si kwa dozi ya 400, si kwa 200, si kwa 100. Mwanafunzi mmoja alipiga picha na kuwatumia wazazi wake kabla sijamkataza.

Aprili 4

Msimamizi wangu amelitazama jedwali kwa muda usiozidi dakika moja na kuuliza swali moja tu: "Kwa nini 100 na 400 zimelingana?" Nikaanza kueleza kwamba pengine hata dozi ndogo imeshafika kileleni, na kwamba tunapaswa kushuka hadi 25. Akaniambia nimletee daftari la matayarisho, si jedwali.

Kosa lipo katika ukurasa wa 41, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Asubuhi ya jaribio kile kiziduo kinachonata kilikataa kuyeyuka katika maji. Kiliganda chini ya bika kama lami. Nilikuwa na panya 30 wenye njaa wanaonisubiri, nikaongeza mililita 2 za ethanoli katika kila chupa, nikatikisa hadi kikalegea, kisha nikajaza maji yaliyokenekwa hadi mililita 10. Nilifanya hivyo kwa dozi zote tatu, kwa kipimo kilekile. Kundi la maji lilipewa maji matupu. Kwa hiyo panya wote wa mpera walikunywa kinywaji chenye takriban asilimia 20 ya ethanoli nusu saa kabla ya kupewa ethanoli safi, na panya wa kulinganishia hawakunywa.

Msimamizi alinifungulia makala ya mwaka 1983, ya André Robert yuleyule niliyemtaja katika ukurasa wa kwanza wa shajara hii. Humo Robert na wenzake wanaeleza kwamba kichokozi hafifu kikitangulizwa tumboni, ikiwemo ethanoli ya asilimia 20, huuamsha utando wenyewe kutoa prostaglandini, na utando huo hustahimili ethanoli safi itakayofuata. Nilikuwa nimesoma kazi yake ya 1979 na kuishia hapo.

Inawezekana kabisa kwamba majani ya mpera yana kinga. Kwa jaribio la Aprili 2, hata hivyo, hakuna namna ya kulijua hilo, na panya 30 wamekufa kwa swali ambalo halikuulizwa sawasawa. Wanasayansi Russell na Burch wa Uingereza waliandika tangu mwaka 1959 kwamba ni wajibu wa mtafiti kupunguza idadi ya wanyama anaowatumia, na mimi mwenyewe hulifundisha somo hilo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Nimeiandikia kamati ya maadili taarifa ya kosa hilo pamoja na ombi la nyongeza ya panya 24. Mwanafunzi ameambiwa azifute zile picha na awaeleze wazazi wake sababu.

Aprili 11

Mtu wa tatu wiki hii amenipigia simu akiomba "ile dawa ya mpera iliyofaulu chuoni". Nimemjibu kwamba hakuna dawa iliyofaulu, kwamba asiache vidonge alivyoandikiwa hospitali, na kwamba akiona choo cheusi kama lami au akitapika damu asinywe majani ya aina yoyote bali awahi hospitali siku hiyohiyo. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2011 tunakumbuka misururu ya magari iliyoelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na tunajua habari ya dawa husafiri kwa kasi gani ikishatoka mdomoni.

Aprili 24

Kamati ilikubali, na jaribio la marekebisho limefanyika jana kwa makundi manne ya panya sita: maji yenye gundi ya selulosi ya asilimia 0.5, ethanoli ya asilimia 20 peke yake bila mmea wowote, kiziduo cha mpera cha miligramu 400 kilichochanganywa na gundi hiyo bila tone la ethanoli, na kiziduo hichohicho kikiwa katika ethanoli ya asilimia 20 kama nilivyokosea mara ya kwanza. Safari hii fundi sanifu wa maabara ndiye aliyezipa chupa herufi na kuifungia bahasha yenye siri hiyo katika kabati lake, na aliyehesabu miraba ni mwenzetu wa idara nyingine ambaye hakuambiwa hata jina la mmea.

Tulipofungua bahasha, herufi iliyokuwa na matumbo safi kuliko zote pamoja na herufi D, yaani mpera katika ethanoli ya asilimia 20, ilikuwa B, yaani ethanoli hiyo peke yake. Hata kwa macho matupu nisingeweza kutofautisha tumbo la B na tumbo la D. Kundi la C, lenye mpera bila ethanoli, lilisimama katikati: mistari ilikuwepo katika panya wote sita, lakini ilikuwa mifupi na haikufika mlango wa chini kama ilivyokuwa kwa kundi la maji.

Nilimpigia Mzee simu jioni, kwa sababu niliona ana haki ya kusikia kutoka kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Panya wangu hawajambo?"

Nilimweleza jambo lote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimesema kwamba pombe ileile iliyowaunguza ndiyo iliyowakinga. Nikamjibu kwamba kidogo iliwakinga, nyingi iliwaunguza.

"Basi hayo ni ya kwenu na pombe yenu," akasema. "Mimi nilikwambia nachemsha."

Mei 6

Tumechemsha. Nimetumia sufuria badala ya chombo cha maabara, nikapima viganja viwili vya Mzee kwa mizani na kupata wastani wa gramu 38 za majani mabichi, nikachemsha hadi rangi aliyoitaja, nikaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, nikachuja na kuyakausha kwa ubaridi hadi kupata unga wa kahawia unaoyeyuka katika maji bila kuhitaji msaada wa kitu kingine. Ladha yake inakamata ulimi kama ndizi mbichi au bibo, na hiyo ni dalili ya tanini, ambazo hushikana na protini za juu ya utando. Huenda kinga ya mpera, ikiwa ipo, ni tabaka hilo jembamba linaloundwa juu ya utando, na wala si jambo linalotokea ndani ya seli. Kipimo cha ute kwa rangi ya buluu ya Alsiani kitatusaidia kulitenganisha hili baadaye.

Unga wa mzuzu umetupa taabu ya aina yake. Hautengenezewi kiziduo, kwani watumiaji huukoroga kwenye uji, hivyo na sisi tunaupima ukiwa unga katika maji yenye gundi. Kwa dozi ya miligramu 400 unapita vizuri, lakini tulipojaribu dozi kubwa zaidi sindano ya kulishia iliziba mara nne mfululizo, na panya aliyeshikwa mkononi kwa muda mrefu hupata hofu, na hofu peke yake huweza kulijeruhi tumbo la panya. Tumeusaga tena, tumeupitisha katika chekecheo lenye matundu madogo zaidi, na tumeamua kutozidi 400.

Mei 9

Jaribio la tatu limefanyika jana kwa makundi matano: maji yenye gundi, mpera uliochemshwa wa miligramu 100, 200 na 400, na unga wa mzuzu wa 400. Bahasha ilifunguliwa leo saa nne asubuhi mbele ya msimamizi.

Kwa dozi ya 100 mpera uliochemshwa haukutofautiana na maji. Kwa 200 majeraha yalipungua kwa baadhi ya panya na kwa wengine hayakupungua. Kwa 400 yalipungua kwa panya watano kati ya sita, na yule wa sita alikuwa na tumbo lenye mistari mirefu kana kwamba hakupewa kitu. Tumehakiki kadi yake na hatukuona kosa, kwa hiyo anabaki katika hesabu. Matokeo haya hayana uzuri wa yale ya Aprili 2, na sitayaombea picha, lakini yanapanda kadiri dozi inavyopanda, na ndiyo ya kwanza katika mradi huu ambayo niko tayari kuyaweka mbele ya mtu anayenikosoa. Panya sita kwa kundi ni wachache kwa hitimisho. Msimamizi amekubali turudie dozi ya 400 mara moja, pamoja na kundi la kulinganishia.

Mzuzu ni habari nyingine. Majeraha yalikuwa machache, ila tulipopasua matumbo tulikuta tabaka jeupe la unga bado limeukumbatia utando, na katika panya wawili ilibidi tulioshe mara tatu ndipo tuone kilichopo chini yake. Katika hali hiyo hatuwezi kusema kama ndizi imeuimarisha utando au imesimama tu kati yake na ethanoli, kama ambavyo uji wowote ungeweza kusimama. Mwenzetu aliyehesabu miraba, ambaye sasa ameshaambiwa kila kitu, ndiye aliyependekeza tuweke kundi litakalopewa unga wa muhogo wa kipimo kilekile. Nashangaa kwamba hakuna kati yetu aliyeliwaza hilo tangu Februari.

Mei 13

Kwa awamu ijayo panya wa mzuzu watapewa unga kwa siku tatu, dozi ya mwisho ikiwa jioni kabla ya siku ya mwisho ya njaa, ili tumbo liwe limeshasafika kabla ya kujeruhiwa, na muhogo utapewa kundi lake kwa utaratibu uleule. Badala ya ethanoli tutatumia indomethasini, dawa ya kutuliza maumivu ambayo huzuia utengenezwaji wa prostaglandini na hivyo kuupokonya utando ute na kinga yake ya kawaida. Ikiwa mpera hutegemea prostaglandini kufanya kazi, hapa ndipo utakaposhindwa, na kushindwa kwake kutatueleza kitu. Nimeshaiandika orodha ya matayarisho ya siku hiyo katika ukurasa wa 58, kila kiyeyushi kwa jina na kipimo chake, na fundi sanifu ameisaini kabla yangu.

Nitasafiri kwenda Muheza Alhamisi kuchuma majani mapya na kumpelekea Mzee nakala ya makubaliano aisomewe na kijana wake. Mzuzu safari hii utamenywa, utakatwa na kuanikwa hukohuko.